Msema Pweke Hakosi: Wake wa Zamani wa Wanamuziki Mbele ya Baraza la Nyimbo

Asubuhi moja ya mwaka 1989, katika shule moja ya sekondari mkoani Pwani, niliwafundisha wanafunzi wa kidato cha nne namna ya kupima ushahidi wa kihistoria. Mfano wangu ulikuwa wa nyumbani: manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika vijito vya delta ya Rufiji tangu mwishoni mwa 1914 hadi ilipoangamizwa Julai 1915. Niliwaeleza kwamba habari za manowari ile tunazipata zaidi kwa maofisa wa Kijerumani na wa Kiingereza walioandika vitabu vyao. Wanyagatwa na Wandengereko waliokuwa wakivua na kulima mpunga katikati ya mikoko ile, ambao mizinga ilipiga juu ya vichwa vyao, ni wachache mno waliopata kuulizwa waliona nini. Nikaandika maswali matatu ubaoni: Nani anasema? Alisema lini? Nani hakuulizwa?

Alasiri ya siku hiyohiyo nikaingia katika kikao cha walimu, na maswali yangu yote matatu nikayaacha darasani.

Shule ilikuwa ikijiandaa kuupokea Mwenge wa Uhuru, na alitakiwa mtu wa kuwafunza mabinti nyimbo na ngoma. Mwenzetu mmoja alimpendekeza mwanamke mzaliwa wa delta, muuza mikeka na ukili pale sokoni, mwenye sauti nyoofu na nyimbo nyingi za harusi kichwani. Kila mtu alimjua. Alikuwa ameolewa Dar es Salaam na mpiga gitaa wa bendi mojawapo ya muziki wa dansi, wakaachana, akarudi kwao na mtoto mgongoni. Nami, kijana wa miaka 28 mwenye stashahada ya ualimu iliyokuwa bado inanukia wino, nilisimama nikasema kwamba si vyema kumkabidhi mabinti wa watu mwanamke ambaye bendi ya mume wake mwenyewe ilimwimba. Nikautaja wimbo. Ulikuwa wimbo maarufu wa mke aliyepewa kila kitu akafuja, akatoka nje ya ndoa, akamwacha mume analia na gitaa lake. Walimu wawili wakaimba kiitikio kwa sauti ya chini, tukacheka, na shauri likaishia hapo.

Sitaki kuungama tu katika makala haya. Mzee aliyestaafu akiungama kosa la ujana, wasomaji humsamehe upesi mno. Nataka kuliuliza jambo hili kihistoria: ilikuwaje hata sisi watu wa pwani, tuliolelewa na ushairi wa kujibizana, tukazoea kumhukumu mwanamke kwa wimbo wa upande mmoja?

Tuanze na redio. Katika miaka ya 1970 na 1980 Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa sauti ya taifa, na studio yake ndiyo iliyorekodi bendi zetu. Nyimbo zilipitiwa kwanza kuona kama maneno yake yana adabu na hayapingi siasa ya nchi, kisha zikarushwa. Kuanzia Kibiti na Bungu hadi Ikwiriri na Utete, mwenye redio ya betri alikuwa mwenye baraza. Watu walikaa mkekani wakamsikiliza Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, NUTA Jazz, na baadaye Mlimani Park na Vijana Jazz. Na nyimbo nyingi zilizopendwa zilibeba jina la mwanamke. Marijani Rajab alimwimba Georgina alipokuwa Safari Trippers, na Zuwena alipokuwa Dar International. Mlimani Park wakamwimba Neema. Msikilizaji wa kijijini hakuyachukua majina haya kama mtu anavyolichukua jina la mhusika wa hadithi. Alidhani kila jina lina mwenyewe, na kwamba mwenyewe yupo Kariakoo au Magomeni, anakwenda sokoni kama watu wengine. Basi palipokosekana jina, jina lilitafutwa.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipo, nalo ni kosa ambalo msomaji wa mashairi asingepaswa kulifanya. Tunawafundisha wanafunzi kwamba nafsi inayosema ndani ya shairi si lazima iwe nafsi ya mtunzi. Katika muziki wa dansi umbali huo huwa mkubwa zaidi. Mtunzi anaweza kuwa mpiga besi, na mwimbaji ni mtu mwingine. Kisa kinaweza kuwa cha jirani, cha rafiki, cha magazetini, au cha kubuniwa ndani ya daladala. Mazoezini bendi nzima huongeza na kupunguza, kwa sababu kinachotafutwa ni wimbo utakaowainua watu vitini. "Mimi" anayelia ndani ya wimbo ule ni kazi ya mikono mingi. Kumchukua kama shahidi aliyekula kiapo ni sawa na kumpeleka mahakamani sungura wa ngano.

Kosa la pili ni kusahau maisha yenyewe yalivyokuwa. Bendi nyingi za wakati ule zilikuwa mali ya jumuiya na taasisi: chama cha wafanyakazi, umoja wa vijana, jeshi, polisi, mashirika ya umma. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, vyombo vilikuwa vya mwajiri, na wimbo uliopigwa redioni kila siku haukumpa utajiri aliyeutunga. Alilala mchana na kufanya kazi usiku. Ziara za mikoani zilimchukua wiki kwa wiki, pengine miezi. Huko aendako alikuwa mgeni wa heshima anayeandaliwa kinywaji na kila kitu. Huku alikotoka palikuwa na chumba kimoja cha kupanga, watoto, na mwenye nyumba anayebisha hodi. Ndoa ya namna hiyo ina sababu nyingi za kuvunjika, na nyingi kati yake hazina mdundo wa kuchezeka. Wimbo huchagua sababu moja: mke.

Na kosa la tatu ndilo kubwa. Mila yetu ya ushairi haikujengwa juu ya sauti moja. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 hadi mwaka 1840 hivi, alirushiana mashairi na washairi wa Lamu, na Bwana Zahidi Mngumi hakukaa kimya. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, na baadaye katika kurasa za mashairi za Uhuru na Mzalendo, mshairi akitupa fumbo alijua kwamba toleo lijalo litaleta mfumbuaji, na pengine mkosoaji anayemtaja kwa jina lake kamili. Wanawake nao walikuwa na viwanja vyao. Vyama vya lelemama vya Mombasa na vikundi vya taarabu vya wanawake wa Unguja vilijibizana kwa nyimbo mpaka mtaa mzima ukajua nani kasema nini na nani kamrudishia. Mipasho haikuwa adabu tupu, najua, lakini ilikuwa na haki moja ndani yake: aliyepigwa alikuwa na kikundi chake, na kesho yake ilikuwa zamu yake.

Muziki wa dansi ulipopanda redioni, haki hiyo ilibaki chini. Mke aliyeachwa na mwanamuziki hakuwa na bendi. Hakuwa na studio ya kumrekodia jibu, wala hapakuwa na kipindi cha kusoma barua yake. Wahenga walisema msema pweke hakosi. Sisi tulimsikiliza msema pweke miaka 20, tukasadiki kwamba hakosi.

Historia yetu ina mwanamke mmoja aliyelielewa jambo hili kabla yetu sote. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika familia ya wafinyanzi. Aliolewa, akazaa, akaachika, akawa akitembeza vyungu kwa miguu, na mwaka 1911 akahamia mjini. Kwa macho ya mji wa wakati ule alikuwa na kila doa ambalo mtu angeweza kumhesabia: nasaba duni, talaka, umaskini, na sasa kuimba mbele ya wanaume. Mahasidi wake walimtungia wimbo wa kumkumbusha alikotoka na alivyovaa siku ile alipoingia mjini. Siti hakukanusha hata neno moja. Alijibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura na ukoo si hoja, na kwamba kisichopaswa kumpungukia mtu ni akili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Hata Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, aliyaweka wazi yale ya Fumba, kwa kuwa aliona kwamba yaliyopita hayakuwa doa la kufutwa bali ni sehemu ya safari.

Tofauti kati ya Siti na muuza mikeka wetu si usafi wa maisha yao ya nyuma. Tofauti ni kwamba Siti alikuwa na kikundi cha wapigaji.

Na akiwa nacho, hakukitumia kwa ajili yake peke yake. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia kisa cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyetoka usiku kwenda ngomani, akauawa na mwanamume aliyekuwa naye. Mwuaji akakimbilia bara. Shauri lilipofika mahakamani, wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio walioishia kuadhibiwa, kwa habari ya pombe. Angalieni mpangilio wa hukumu ile. Jambo la kwanza kuulizwa halikuwa nani kaua. Lilikuwa wanawake hawa ni wa namna gani, walikuwa wapi usiku, walikunywa nini. Takribani karne moja imepita, na kila mwanamuziki maarufu anapoachana na mwenzake maswali yetu huanzia palepale: kwani huyu mwanamke alitokea wapi?

Hapa Rufiji tuna mfano ulio karibu zaidi. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba jijini Dar es Salaam kabla ya kuwa kiongozi wa wanawake wa TANU mwaka 1955. Mtafiti Susan Geiger, aliyezungumza naye na wenzake katika miaka ya 1980, alionyesha kwamba wanawake wengi waliokijenga chama mijini walikuwa watu wazima wenye biashara ndogondogo, na wengi wao walikwisha kuachika angalau mara moja. Ni hao waliojua kupanga watu, kuchanga fedha na kukusanya umma kwa wimbo. Wake wa nyumbani waliofungiwa hawakuweza kutoka, watalaka waliweza. Taifa liliwahitaji kwa hali ileile iliyowafanya wasemwe vibaya mitaani. Bibi Titi mwenyewe alikiwania kiti cha ubunge hukuhuku Rufiji mwaka 1965, akashindwa. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972. Akiwa gerezani mume wake alimpa talaka. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake, na wapitao juu yake hawaulizi aliolewa mara ngapi.

Wala tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wa pwani yetu tu. Wazungu nao wana muziki wao wa roki, na wana orodha ndefu ya wanawake waliohukumiwa kwa kosa la kuwahi kupendwa na mwanamuziki. Mfano ninaoupenda ni wa Marianne Faithfull wa Uingereza. Februari 1967 polisi waliivamia nyumba ya Keith Richards huko Sussex kutafuta dawa za kulevya. Richards na Mick Jagger walishtakiwa, lakini baada ya rufaa hakuna aliyerudi gerezani, na vijana wakawaona mashujaa. Faithfull, aliyekuwa mpenzi wa Jagger wakati ule, hakushtakiwa kwa lolote. Hata hivyo magazeti yalichokishika ni kwamba palikuwa na msichana aliyejifunika zulia la manyoya, na juu ya zulia hilo yakazuka masimulizi machafu yasiyo na ukweli yaliyomfuata maisha yake yote. Baadaye alizama kweli katika heroini, akalala mitaani London. Watu wakasema: si mliona? Hawakujiuliza kama hukumu ya kwanza haikuwa na mkono katika anguko la pili. Mwaka 1979 alirudi na albamu ya Broken English, kwa sauti iliyokwaruzika, na katika kitabu chake cha maisha hakuficha alichotumia wala alipolala. Hakuomba atakaswe. Alichodai ni kusema mwenyewe.

Afrika Magharibi mambo yalikuwa mazito zaidi. Februari 1977 wanajeshi waliishambulia Kalakuta, makazi ya Fela Kuti mjini Lagos, wakaichoma moto, wakawapiga na kuwadhalilisha wanawake waliokuwa wakiishi humo. Wengi wao walikuwa waimbaji na wachezaji wa bendi yake, na mjini walikuwa wakiitwa kila jina ambalo mwanamke wa jukwaani huitwa. Mwaka uliofuata Fela aliwaoa 27 kwa siku moja, na sababu mojawapo ilikuwa kuwaondolea matusi hayo. Alipotoka kifungoni mwaka 1986 akazivunja ndoa zilizobaki. Hivyo walipewa heshima kwa tamko la mwanamume mmoja na wakaipoteza kwa tamko la mwanamume huyohuyo. Wengi wetu tunamjua Fela wimbo kwa wimbo. Ni wangapi tunaoweza kutaja jina la mmoja tu wa wale 27? Na tungejua habari zao kidogo zaidi lau Carlos Moore, aliyeandika maisha ya Fela katika kitabu kilichotoka 1982, asingaliwaketisha baadhi yao na kuwauliza mmoja mmoja. Kuwauliza tu, hapakuhitajika ufundi mwingine.

Najua nitakachoambiwa. Mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye tulikuwa naye katika kikao kile cha 1989, nilipomsomea sehemu ya makala haya alinirudishia methali nyingine: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali yenye nguvu, kwa sababu humfanya msengenyaji asiweze kushindwa. Jambo likiwa kweli, alisema kweli. Lisipokuwa kweli, alitabiri. Lakini msengenyaji ndiye hunufaika nayo, na mwanahistoria haipati faida yoyote humo. Wahenga walituachia methali zinazopingana ili tutumie akili kuchagua, kama fundi anavyochagua msumeno au tezo. Kwa kazi ya kupima maisha ya mtu, naichagua ya kwanza: msema pweke hakosi.

Aliniambia na jambo jingine, na hili lilinigusa zaidi. Alisema: je, kama mwanamke huyo kweli alifuja mali na kutoka nje ya ndoa? Utamfanya malaika kwa kuwa hakuwa na bendi? Jibu langu ni hapana. Wapo wanawake waliowatesa wanamuziki, kama walivyo wanamuziki waliowatesa wanawake, na mara nyingi waliteswa wote wawili na maisha yaleyale. Kumtakasa mtu usiyemjua ni hukumu vilevile, ila imepakwa sukari. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho. Wimbo ni ushahidi wa mtunzi, wa wakati wake, wa mambo ambayo hadhira ilipenda kusikia. Si ushahidi wa mwanamke anayetajwa ndani yake mpaka pale tutakapopata chanzo kingine. Na kama chanzo kingine hakuna, kalamu itue.

Kwa upande wangu chanzo kingine kilikuwepo, tena ndani ya sanduku la mbao.

Nilipostaafu nilihamia Kibiti, na miaka michache iliyopita walimu wa shule moja ya msingi huko delta waliniomba niwasaidie kuandika historia fupi ya shule yao. Nilikwenda Nyamisati asubuhi, nikangoja maji yajae, tukaingia na mashua katika vijito, mikoko imesimama pande zote mbili na madungu ya walinda mpunga yakichungulia kwa mbali. Mwalimu mkuu alinifungulia sanduku la madaftari ya uandikishaji, mengine yameliwa pembe na mchwa. Nilikuwa nikiandika idadi ya wanafunzi wa kila mwaka wakati jina lake liliponisimamisha: jina lake, la baba yake na la babu yake. Mwaka 1975 alikuwa darasa la nne.

Wimbo ule niliuimba mimi mwenyewe mwaka 1975. Naukumbuka bila shaka yoyote, kwa kuwa ndio mwaka niliofanya mtihani wa darasa la saba, na tuliuimba njiani siku ya kutoka kwenye mtihani. Wakati mke yule wa redioni alipokuwa akifuja mali za mumewe Dar es Salaam, mwanamke niliyemnyima kazi kwa ajili yake alikuwa mtoto wa miaka 11 hivi, anafukuza ndege kwenye shamba la mpunga la mama yake. Alisema lini? Swali langu la pili ubaoni. Lilikuwa na jibu siku zote, umbali wa safari moja ya mashua.

Niliuliza habari zake. Wakaniambia yuko hai, katika kitongoji cha pili. Nilikwenda. Nilimkuta kibarazani akisuka ukili, miwani imefungwa kwa uzi, mjukuu analala ubavuni. Alinitambua kabla sijajitambulisha.

"Karibu, Mwalimu. Umezeeka."

Nikamweleza kilichonileta: kikao, maneno yangu, wimbo, daftari. Sikupamba. Alinisikiliza vidole vyake vikiendelea na kazi. Kisha akasema:

"Wimbo ule nilikuwa naupenda sana. Tulikuwa tukiucheza shuleni, hapo nje chini ya mwembe. Nilipoolewa na mtu wa bendi nikajiona nimeingia ndani ya redio." Akacheka kidogo. "Kumbe nyie mlikuwa mnasema ni mimi."

Nikamwambia: "Dada, naomba radhi."

"Radhi nimekupa. Lakini Mwalimu, ulikuwa ukinunua mikeka kwangu kila mwisho wa mwezi. Unakaa, unataka upunguziwe, tunaongea. Mbona hukuniuliza?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Kwa mazoea ya kazi yangu nikafanya kosa la mwisho: nikamuuliza sasa. Nikamwambia kwamba ningependa kusikia kwa kinywa chake ndoa ile ilivunjikaje, ili niiandike kwa haki. Aliuweka ukili chini kwa mara ya kwanza.

"Hayo ni ya kwangu na marehemu," alisema. "Yeye hakuwahi kuniimba. Na mimi simwimbi."

Tukaongea mengine: bei ya mchele, maji ya chumvi yanayopanda mashambani, mwanawe aliyeko Mbagala. Jua lilipoinama akamtuma mjukuu anisindikize hadi kwenye mashua, na mkononi nilikuwa nimebeba mkeka ambao, safari hii, sikuomba upunguzwe bei.

Nimewafundisha vijana wengi maswali matatu. Nikirudi darasani leo ningeongeza la nne, nalo nimelipata kwake: Je, haya yananihusu? Historia ina haki ya kuuliza mengi juu ya waliotawala, waliopigana, waliouza na kununua watu. Juu ya mwanamke aliyewahi kuishi miaka michache na mpiga gitaa, ambaye hakumdhulumu yeyote tunayemjua, haki yetu ni ndogo sana. Tuna haki ya kusikiliza akitaka kusema. Asipotaka, tuna haki ya kununua mkeka kwa bei yake.

Wimbo ule bado unapigwa. Niliusikia tena juzi stendi ya Kibiti, katika basi la kwenda Utete, abiria wakiitikia kama zamani. Ni wimbo mzuri, na magitaa yake yanajibizana vizuri sana. Nami niliitikia, kimyakimya, nikijua sasa kwamba simjui mwanamke anayeimbwa ndani yake.